Pantoni ya Mlimani

Kitu cha kwanza nilichokiona mimi ni sisimizi. Siku ile wengine wote walikuwa wanaangalia suti ya Mheshimiwa, au utepe, au sufuria za wali zilizokuwa zinafuka moshi nyuma ya ofisi ya kijiji. Mimi nilisimama karibu na ukuta, kwa sababu mtu mwenye haya akisimama karibu na ukuta anapungua nusu, na hapo ukutani ilikuwa imebandikwa ramani mpya ya wilaya yetu. Sisimizi alitoka kwenye fremu ya ramani, akatembea juu ya kijiji chetu cha Vikorongoni, akafika kwenye mstari wa buluu ambao ndio Mto Mkelo. Hapo palikuwa na vistari viwili vyeusi vilivyopinda ncha, wino haujakauka sawasawa. Akavipanda, akavuka, akaendelea na safari zake upande wa hospitali, miguu imechafuka wino.

Ninalisema hili kwanza ili nisidhaniwe nimekuja kuisema vibaya Serikali. Daraja letu lilivukwa. Aliyevuka nilimwona kwa macho yangu.

*

Nchi yetu sina haja ya kuitaja. Anayeishi humo anaijua, na asiyeishi humo ana yake.

Zamani, kabla hatujaendelea, Serikali ilikuwa inajenga kitu kwanza, halafu watu wa ramani wanakuja kukichora. Utaratibu huo ulikuwa na hasara nyingi. Saruji inaibiwa, nondo zinaibiwa, mkandarasi anaugua, mvua inanyesha. Wino hauibiwi sana. Kwa hiyo ikaundwa Wizara ya Alama na Ufafanuzi, na tangu hapo tumekwenda mbio.

Kwa wale ambao hawakubahatika kusoma: pembeni mwa kila ramani kuna kisanduku kinachoitwa ufunguo. Ndani yake alama zote zimepangwa, na mbele ya kila alama imeandikwa maana yake. Mstari mwekundu mnene ni barabara ya lami. Mstari wa vipande vipande ni njia ya miguu. Msalaba ndani ya mraba ni hospitali. Wizara haikujisumbua na ramani, ilibadilisha ufunguo. Mstari wa vipande vipande ukafafanuliwa upya kuwa barabara ya changarawe, na watu waliolala kando ya njia ya mbuzi wakaamka kando ya barabara. Alama ya kinamasi ikawa bustani ya mapumziko. Alama ya mti mmoja ikawa msitu, hata mkata mkaa mmoja akakamatwa kwa kuumaliza msitu mzima asubuhi moja.

Waziri, Mheshimiwa Ngwalida, alilieleza Bunge kwamba tumejenga barabara nyingi kuliko majirani zetu wote kwa chupa moja ya wino, na kwamba chupa yenyewe bado ina kitu. Wabunge walipiga meza mpaka moja ikavunjika. Ilichorwa nyingine.

*

Ila maendeleo ya namna hii yana adui mmoja, naye ni mwananchi asiyejua kusoma ufunguo. Mwananchi huyo anaendelea kuona vitu jinsi vilivyo. Ndiyo maana tuliletewa Bwana Lukindo, Afisa Ramani wa Kata, kijana mpole mwenye rula ndefu ya chuma, atufundishe.

Darasa lilikuwa ndani ya ghala la pamba. Pamba yenyewe ilikwisha tuhama miaka mingi. Mimi niliacha shule darasa la nne. Baba alipofariki mbuzi walibaki bila mtu, shule ikabaki na watu wengi, ikaonekana mbuzi ndio wenye shida zaidi. Kwa hiyo nilikwenda ghalani nikiwa na hofu. Lakini nilipapenda. Alama haikuulizi ulifika darasa la ngapi. Ukiona msalaba ndani ya mraba unasema hospitali, umemaliza. Hakuna herufi ya kukuumbua. Nilizijua zote mapema, nikawa nazijibu kwa sauti ndogo anayoisikia dada yangu tu, na dada anazirudia kwa sauti kubwa, anapigiwa makofi.

Dada yangu Sikitu alikuwa na maneno ya watu wawili, yake na yangu. Wakati huo alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alijifungua kwa kisu, mtoto hakuishi, na kovu likapona vibaya. Muuguzi wa hospitali ya ng'ambo alimwambia bila kumficha kwamba safari hii asithubutu kuusikilizia uchungu nyumbani. Ukianza tu, avuke. Na kuvuka si safari. Kutoka kwetu hadi hospitali ni mto peke yake uliopo katikati. Ukisimama ukingoni unayaona mabati yake, unaziona na shuka za wagonjwa zimeanikwa.

Mto huo tulikuwa tunavushwa na mjomba wetu Chande, kaka yake mama, kwa pantoni. Ilikuwa ni mapipa na mbao, na waya wa chuma uliofungwa kutoka ukingo hadi ukingo. Mjomba alikuwa anauvuta kwa mikono na pantoni inakwenda. Mume wa Sikitu alikuwa mbali, machimboni, kwa hiyo mjomba alijitwisha jambo lile kama lake. Alimwambia dada, "Wewe mwanangu, hata nikiwa nakula, tonge nitaliacha hewani."

Mjomba naye alikuja darasani, ingawa Bwana Lukindo angependa asije. Siku tuliyosoma alama ya hospitali alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo alama, ndani yake mna dawa?"

"Mzee wangu, alama haina ndani."

"Basi sisi tulio nje yake tufanyeje?"

Bwana Lukindo aliliandika swali akalipeleka Wizarani. Jibu lilirudi baada ya mavuno, likasema swali lina kasoro ya skeli. Skeli ni ule uhusiano wa ukubwa wa karatasi na ukubwa wa nchi. Kwetu, tulivyoelezwa, karatasi ndiyo kubwa.

*

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Malugu, alianza kuiomba Serikali daraja tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Lilipokubaliwa zilikuwa nyeupe, na alilia mbele ya watu.

Mheshimiwa Ngwalida alikuja kulizindua mwenyewe. Alitokea upande wa hospitali, na kwa kuwa daraja lilikuwa bado halijazinduliwa, ilibidi avuke kwa pantoni. Alisimama katikati ya mapipa, watu wawili wamemshikia mwavuli. Alimwambia mjomba ajione mwenye bahati, maana anambeba mfunguaji wa daraja. Mjomba alishukuru, akasema kweli mzigo ni mzito.

Ukutani kwa ofisi, mbele ya ramani, ulivutwa utepe. Mheshimiwa alisema mambo mengi, mimi nimeyashika haya:

"Ndugu wananchi, wakoloni walitujengea madaraja ya mawe ili tuwakumbuke wao. Sisi tumewajengea daraja ambalo mafuriko hayalibebi, kutu hailili, na mwizi wa vyuma chakavu hana pa kulishika. Nani kati yenu amewahi kuona daraja imara namna hii?"

Watu walijibu kwa pamoja kwamba hawajawahi kuona.

Halafu Bwana Lukindo akaniita mimi, kama mwanafunzi wake bora, nimsomee Mheshimiwa ile alama mpya. Nililetewa kipaza sauti mdomoni. Nikasema, lakini neno lilipita chini ya kipaza sauti. Dada akamalizia kutoka nyuma, huku anacheka na kulishika tumbo lake. "Anasema daraja, Mheshimiwa. Ana sauti ya kuku aliyelowa, msamehe." Utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, wali ukapakuliwa.

Tukiwa tunakula, Bwana Lukindo aliisogelea ramani kwa rula yake, uso ukambadilika. Chini ya vile vistari viwili vya daraja, ukitazama kwa makini, zilikuwa bado zinaonekana nukta zinazokatiza mto. Nukta hizo kwenye ufunguo ni pantoni. Na sheria ya kwanza ya uchoraji wa ramani inasema alama mbili hazikai mahali pamoja. Kubwa inabaki, ndogo inafutwa.

Mheshimiwa aliletewa kifutio. Alifuta mwenyewe, watu wakapiga makofi tena, maana tumezoea.

Ikabaki Sheria ya Usafi wa Ramani, isemayo kwamba kilichofutwa kwenye karatasi kisionekane ardhini. Ilikubaliwa ianze kufanya kazi baada ya Mheshimiwa kuvushwa kurudi, kwa kuwa sheria nzuri humngoja aliyeitunga. Mjomba alimvusha na msafara wake, akarudi na pantoni tupu upande wetu, akawakuta askari wawili wanamsubiri na nyundo. Mbao ziling'olewa, mapipa yakabingirishwa hadi ghalani, waya ukakunjwa. Mjomba aliwasaidia kuukunja. Alisema wangeuharibu, vijana wa mjini hawajui waya.

Askari hao waliachwa wailinde alama, nao ndio walioishi kwetu tangu siku hiyo, kwa sababu hapakuwa na njia ya kurudi kwao. Mkubwa wao, Koplo Mtweve, aliomba likizo akamwone mke wake ng'ambo. Alijibiwa likizo imekubaliwa, avuke kwa daraja. Alikuwa anakwenda ukingoni kila jioni na kofia yake mkononi, anatazama. Mchana aliwakamata watu. Wakati wa kiangazi maji yanapungua na mtu mrefu anaweza kuvuka kwa miguu. Ikatangazwa kwamba kupita majini palipo na daraja ni kulidharau, na anayelidharau daraja ameidharau Serikali. Wachache walitozwa mbuzi. Baadaye masika yakafika, mto ukajaa, Koplo akapata kupumzika.

*

Mama hakuwa mtu wa ofisi. Lakini tumbo la dada liliposhuka alivaa kanga mpya, akamchukua Mzee Malugu na mjomba, na mimi nikafuata nyuma kwa kuwa dada alitaka mtu atakayemsimulia vizuri.

Mama aliomba jambo moja. Pantoni irudishwe mpaka mwanawe ajifungue, halafu waing'oe tena wakitaka, hata wamng'oe na yeye. Bwana Lukindo alisikitika kweli. Alikuwa mtu mwema; machozi yalimlenga. Aliuliza kwa nini Sikitu asiende mapema akakae kwenye ile nyumba ya kusubiria wajawazito pale hospitali. Mama akasema kuifikia nyumba hiyo nako ni kuvuka. Tena mjomba alikwisha uliza, kwa kupiga kelele kutoka ukingoni, wakamjibu kwa kelele kwamba nyumba ni ya wanaotoka vijiji visivyo na daraja.

Bwana Lukindo alifikiri sana, akafungua kitabu cha kanuni, uso ukamchangamka. Akasema ipo njia. Alama mbili zikigombania mahali, ndogo si lazima ife. Inaweza kusogezwa pembeni kidogo ili zote zisomeke. Pantoni itarudi, kwa halali kabisa. Kusogezwa tu.

Mama alimshukuru mpaka akapiga goti. Mjomba hakupiga goti. Aliuliza inasogezwa wapi.

Hapo rula ikashuka juu ya ramani. Upande wa juu wa mto haiwezekani, kwa sababu pameandikwa MTO MKELO kwa herufi kubwa, na jina la mto halikanyagwi na kivuko. Upande wa chini yamepita maandishi ya jina la wilaya. Mahali peupe palipobaki ni hapa, upana wa punje ya mchele kutoka kwenye daraja.

Upana wa punje ya mchele kwenye karatasi ni mwendo wa kutokwa jasho ardhini. Mjomba aliinama akapatazama pale panapoonyeshwa na ncha ya rula.

"Hapa ni juu ya Kilima cha Kware."

"Ndiyo."

"Mto wa huko unatoka wapi?"

"Mzee Chande," Bwana Lukindo alisema kwa upole, "umeomba pantoni. Hukuomba mto."

*

Ilijengwa upya kilimani, kwa heshima zote. Mapipa yalibingirishwa kupanda juu, mbao zikapigiliwa, waya ukafungwa kutoka mwamba mmoja hadi mwingine. Mjomba akarudishiwa kazi na kofia. Kila asubuhi alipanda, akashika waya, akavuta. Pantoni haikwenda popote. Bwana Lukindo alikuja kukagua, akaandika inafanya kazi vizuri na haijawahi kuzama.

Dada alicheka habari hiyo mpaka mama akamkataza, asije akajifungua kwa kicheko. Alipanda kilima polepole siku moja, mimi namshika mkono, akakaa juu ya pantoni akamwambia mjomba amvushe. Mjomba alivuta waya. Dada akatazama majani pande zote mbili, akasema tumefika, asante mjomba, bei gani. Nadhani alifanya vile ili mjomba acheke. Mjomba hakucheka, alifuta jasho lisilokuwepo.

Lakini alikuwa na hila yake. Alituambia nyumbani, chini kwa chini, kwamba pantoni ni pantoni. Mapipa yapo, waya upo, na kushuka kilima ni rahisi kuliko kupanda. Siku ikifika, vijana wabebe. Koplo Mtweve alidokezwa. Alisema hajasikia, akauliza kama pantoni hiyo itakuwa na nafasi ya mtu mmoja anayekwenda kumwona mke wake.

Hapo tulikuwa na matumaini. Nayasema kwa sababu yalikuwepo, na ni haki yatajwe.

Kilichotokea ni mvua. Ilinyesha juu ya kilima, na juu ya pantoni, katikati ya mapipa na mbao, maji yakatuama. Vyura wakaja. Bwana Lukindo alikuja kukagua akakuta maji ya kufika vifundoni mahali ambapo ramani inaonyesha mlima mkavu. Maji yaliyotuama kwenye ufunguo ni bwawa, na bwawa jipya haliwezi kuanzishwa bila idhini ya Baraza la Mawaziri. Mjomba siku hiyo alikuwa mgonjwa wa kifua, yuko kitandani. Bwana Lukindo alichukua msumari na nyundo, akatoboa mbao, na kwa kuwa alikuwa mtu anayependa kazi kamili, akatoboa na mapipa, kila moja chini, ili maji yasipate tena mahali pa kukaa. Aliondoka akiwa ameridhika. Hakumwambia mtu, maana hakuona kama amefanya jambo.

*

Uchungu ulimshika dada mchana, jua limetoka baada ya mvua na nchi nzima inang'aa. Mimi na mama tulimtembeza hadi ukingoni. Aliweza kutembea, akawa anasimama, anashika bega langu, anaendelea. Mjomba alikwisha panda na vijana. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, wanaimba ule wimbo wa kuvuta gogo, na mapipa yakatokea juu ya vichwa vyao yakishuka kilima kama msafara wa harusi. Koplo Mtweve alikuwa mbele, ameshika waya, kofia ameitupa.

Bwana Lukindo alifika anahema. Alisema alama haiwezi kuhamishwa bila kibali. Vijana walimpita na mapipa. Akamgeukia dada, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe miguu ikiwa majini kwa sababu ya joto, akamwomba atumie daraja. Akamwonyesha na mahali lilipo. Nadhani wakati ule alikuwa analiona.

Dada alimtazama kwa huruma. "Bwana Lukindo, tangulia wewe. Ukifika nipungie mkono."

Waya ulifungwa. Mapipa yakashushwa majini, mbao juu yake, vijana wakashangilia. Mjomba alipanda wa kwanza kuijaribu. Ilikaa vizuri kwa muda wa mtu kuvuta pumzi, halafu ikaanza kunywa. Mjomba alikuwa amesimama wima, ameshika waya, anashuka taratibu, maji magotini, maji kiunoni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Vijana walimvuta nje. Wakayatoa mapipa, wakayageuza, tukaona matundu, yamepangwa vizuri, yote mahali pamoja, kazi ya mtu anayetumia rula.

Walijaribu kuyaziba. Kwa matambara, kwa udongo, kwa majani ya migomba, Koplo akavua shati lake. Ng'ambo wauguzi walikuwa wametoka, wamesimama kwenye ukingo wao na machela, nguo nyeupe. Mmoja alikuwa anatupigia kelele namna ya kumlaza. Tulimlaza hivyo.

Kovu lilifunguka kabla ya matundu kuzibwa. Dada yangu alikufa kabla jua halijageuka, na mtoto akiwa bado njiani. Wauguzi walikaa pale na machela yao mpaka jioni. Sijui walikuwa wanasubiri nini, labda walikuwa hawajaambiwa warudi.

*

Serikali haikulala. Iliunda Tume.

Tume ilifika hadi ukingo wa ng'ambo, ikatandika meza na kitambaa, ikakaa huko. Haikuvuka, kwa sababu Mwenyekiti wake alieleza kwamba Tume isiyoegemea upande haiwezi kuhamia upande wa walalamikaji. Wao walikuwa na kipaza sauti. Sisi tulikuwa na mto.

Walifungua ramani. Swali la kwanza lilikuwa marehemu alifia wapi. Mjomba alipiga kelele akasema hapa, akaonyesha kwa mkono. Tume iliweka rula. Alama ya hospitali kwenye ramani yetu ni kubwa. Lazima iwe kubwa ili ionekane na walio mbali, hasa wafadhili. Ukiipima kwa skeli, ule mraba wenye msalaba unafunika hospitali yenyewe, unafunika mto, na ukingo wake wa kushoto unapita hatua chache nyuma ya jiwe alilokalia dada. Kwa hiyo, Mwenyekiti alitangaza, na mwangwi ukarudia, marehemu alifia ndani ya hospitali. Akaipongeza familia kwa kumfikisha mapema.

Ng'ambo wakapiga makofi. Mama hakuelewa. Aliniuliza wanashangilia nini, nikashindwa kumwambia.

Mjomba alianza kupiga kelele maneno ambayo sitayaandika. Wakasema yeye hawezi kuwa shahidi, kwani ndiye mtuhumiwa: amehamisha alama ya Serikali kutoka mlimani na kuizamisha. Wakataka shahidi mwingine, asiye na hasira, tena anayejua kusoma ufunguo. Bwana Lukindo, kwa wema wake, akanitaja mimi.

Watu wakapisha. Nilisimama ukingoni. Sauti ikaja juu ya maji, kubwa kama ya mbinguni.

"Binti Siwatu. Dada yako alifika hospitali, au hakufika?"

Kijiji chote kilikuwa nyuma yangu. Nilifungua mdomo. Yule wa kunisemea alikuwa amezikwa juzi. Mto ulikuwa unavuma, na neno langu lingehitaji kuuvuka wote, kutoka ukingo hadi ukingo, bila waya. Nikanyamaza.

Kwa mila zetu, msichana akiulizwa jambo akanyamaza, amekubali. Ndivyo tunavyoozeshwa, wazee wanakichungulia kimya chako mlangoni, wanarudi barazani kula biriani. Tume ilisubiri kwa heshima, muda ule ule ambao mshenga husubiri. Halafu ikaandika ndiyo. Ikaandika pia, sijui kwa kimya kipi, kwamba maneno ya mwisho ya marehemu yalikuwa ya kuishukuru huduma.

Tangu hapo mambo yamekwenda vizuri. Nchi yetu imepata tuzo kwa kuwa haina mwanamke aliyefia nje ya hospitali, na ili tuzo isipotee, alama ya hospitali imeongezwa ukubwa, sasa inafunika wilaya yote. Tunalima ndani ya hospitali, tunachunga ndani ya hospitali. Bwana Lukindo amepandishwa cheo, anafundisha maofisa wengine. Koplo Mtweve bado yuko kwetu; mke wake alimngoja, akachoka. Mjomba Chande alipelekwa gerezani. Gereza halimo kwenye ufunguo, kwa hiyo mama anapika chakula chake, anakifunga, na hajui akipeleke wapi.

Mama alimwomba Bwana Lukindo, kabla hajahama, kaburi la Sikitu nalo liwekewe alama. Alijibu kwamba kaburi moja halionekani kwa skeli hii. Makaburi huanza kuchorwa yakiwa mengi. Alituomba tuwe na subira.

Maneno ya mwisho ya dada yangu niliyasikia peke yangu, nimeinamia uso wake wakati wengine wanahangaika na mapipa. Aliniuliza, "Siwatu, umekula?" Sikuwa nimekula. Sikumjibu hata yeye.

Sijakula, dada.

Nanyi mlioketi ng'ambo na meza yenu: hapana. Hakufika.